Kesho Yake Utabaki na Shilingi Ngapi?



*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Dar es Salaam. Nakaa na mama Chamazi, chuo kiko Mlimani. Napanda daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na nikiwa na kipindi cha jioni nafika nyumbani saa nne usiku. Nauli ni shilingi 3,000 kwa siku. Mama anauza samaki. Saa kumi alfajiri anakuwa ameshatoka na ndoo zake kwenda sokoni Feri. Mwezi wa sita alikabwa kituoni akisubiri kirikuu, wakamchukulia mtaji wote wa siku ile na simu. Tangu hapo akitoka sipati usingizi.*

*Miaka mitatu nimebana bumu, na nawachapia wenzangu kazi zao kwa kompyuta yangu. Nimefikisha milioni 4 na laki 2. Mama anasema ataniongezea milioni 1 na nusu, zamu yake ya upatu imefika. Nimepata Vitz kwa dalali mmoja, ile ya umbo la zamani, namba C, rangi ya fedha, ndani safi sana, kilomita 78,000 tu. Anataka milioni 6 na laki 9. Zinapungua milioni 1 na laki 2. Kuna dada anakopesha mtaani kwetu, nitamrudishia milioni 1 na laki 8 kwa miezi mitatu na yeye atakaa na kadi ya gari. Nimepiga hesabu, jioni na mwisho wa wiki nikifanya Bolt deni litalipika. Dalali anasema kuna mtu mwingine analitaka, kwa hiyo nitoe kishika uchumba cha laki 5 kabla ya Ijumaa. Wiki ijayo naanza mitihani. Nisaidie dada, nitoe au nisitoe?*

*Kijana wa Chamazi*

Usitoe, mdogo wangu.

Barua yako imenikuta Jumatatu na gazeti linatoka Jumatano, ndiyo maana nimelitanguliza jibu. Laki 5 hiyo ukishaitoa usiihesabu tena kuwa yako. Humjui huyo dalali kwake wala kwao, hamjaandikiana chochote, na siku ukighairi atakuambia mwenye gari amegoma kuirudisha. Kuhusu huyo mtu mwingine anayelitaka, sijawahi kusikia gari la dalali lisilo na mtu mwingine anayelitaka.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kalamu mkononi. Kubana bumu miaka mitatu mpaka kufikisha milioni 4 na laki 2, huku wenzako likiingia Jumatano linakwisha Jumapili, si jambo dogo, na ninakuheshimu kwa hilo. Hesabu unazijua. Lakini hesabu zako zote zinaishia siku ya kununua. Hakuna hata moja inayoanza kesho yake. Za kwako, za mama na za mkopo zinatimia milioni 6 na laki 9 kamili, unapewa funguo, unaondoka. Kesho yake asubuhi utabaki na shilingi ngapi? Sifuri, na juu ya sifuri hiyo una deni la milioni 1 na laki 8.

Hiyo kesho yake ndiyo siku gari linapoanza kudai. Bima ndogo ya gari la binafsi, ile inayomlinda mtu utakayemgonga na haikulindi wewe, ni kama shilingi 118,000 kwa mwaka. Kuhamisha umiliki TRA kuna ada yake na ushuru wa stempu, na wakili wa kushuhudia mkataba naye hafanyi bure. Gari lililotoka kwa mtu usiyemjua linamwagwa oili na kubadilishwa filta kabla halijafanya safari ya maana, maana huwezi kujua ile iliyomo imekaa tangu lini. Betri za magari ya kuuzwa huwa zina tabia ya kufa wiki ya pili. Halafu kuna mafuta. Utasikia watu wakisema siku hizi magari hayana kodi ya mwaka. Ni kweli, ada ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, ila ilihamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo unailipa kila unaposimama kituoni.

Tuyapigie hesabu hayo mafuta, kwa sababu hapo ndipo penye jambo. Chamazi hadi Mlimani, kwenda na kurudi, ni karibu kilomita 60. Vitz ndogo kwenye barabara iliyo wazi inakwenda vizuri sana kwa lita moja, lakini wewe hutakuwa kwenye barabara iliyo wazi, utakuwa kwenye foleni ya Mbagala, umesimama, kiyoyozi kinavuta. Kadiria kilomita 12 kwa lita. Hizo ni lita 5 kwa siku. EWURA hutangaza bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zikipanda zikishuka. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Jumla 15,000 kwa siku. Daladala inakuchukua 3,000. Ukienda chuo siku 20 kwa mwezi, gari litakunywa 300,000 mahali ambapo nauli ingekuwa 60,000, na hapo hatujagusa tairi, oili wala maegesho. Kwa hiyo gari halikuokolei nauli. Linakununulia muda na starehe, navyo ni vitu halali mtu kuvitaka, ila lazima ujue kwamba unavinunua, tena kila siku.

Sasa nije kwa mama, kwa sababu nahisi bila lile tukio la mwezi wa sita usingeniandikia.

Ukimpeleka Feri kwa gari lako, umefikiria atarudije? Wewe utamshusha Feri saa kumi na nusu. Yeye angoje mnada, anunue, apange samaki wake, na atakapokuwa tayari kurudi wewe uko darasani Mlimani. Gari lako linamfikisha tu. Na hiyo safari ya kwenda inakutaka wewe uamke saa tisa na nusu usiku, siku sita kwa wiki, kipindi cha mitihani kikiwemo, baada ya kulala saa sita. Najua kwa sasa unajiona unaweza. Wiki ya tatu utaendesha huku kope zimefunga, na mama yuko kiti cha pembeni. Hilo peke yake linaniogopesha kuliko dalali.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa samaki wanalijua: maji ya samaki yana chumvi. Ndoo hata ikifunikwa vipi, ikiyumba kwenye tuta inamwaga. Yakishapenya chini ya kapeti hayakauki, yanakula bati la sakafu kimyakimya, na harufu yake haitolewi na sabuni yoyote. Ndiyo maana akina mama wa Feri wanachangia kirikuu, gari la bodi wazi linalooshwa kwa ndoo mbili za maji. Hawakukosa akili.

Hatari ya mama iko kwenye zile dakika za kusimama kituoni peke yake gizani na pesa kifuani. Hizo dakika zinaweza kuondolewa bila gari. Mtaani kwenu hakosekani kijana wa bodaboda mnayemjua kwa jina, mnayemjua na kwao. Muongee naye amchukue mama mlangoni, amfikishe kirikuu kilipo, asiondoke mpaka amepanda. Mpe shilingi 2,000 kila alfajiri. Kwa mwezi haifiki 60,000. Au wakae mama na wenzake wanaotoka mtaa huohuo, wamwombe dereva wa kirikuu awapitie kona ya nyumbani, kila mmoja aongeze kidogo. Na mtaji usitembee wote mkononi, sehemu iwe kwenye simu ya akiba isiyotoka nje ya nguo. Haya unaweza kuyapanga kesho. Huhitaji kungoja milioni 6 na laki 9 ili mama awe salama, na sipendi aendelee kusimama pale hata wiki moja zaidi huku wewe unatafuta gari.

Ndiyo maana nakuomba ile milioni 1 na nusu ya upatu uiache mikononi mwake. Ameshapoteza mtaji mara moja mwaka huu. Kwako wewe hiyo ni kijazio cha bei. Kwake ni samaki wa miezi.

Nikuambie yaliyonikuta. Nilipoanza kazi nilinunua Starlet kwa akiba yangu yote. Siku nilipokabidhiwa funguo nilibaki na shilingi 40,000 na furaha isiyopimika. Wiki ya tatu gia boksi ikaanza kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Fundi alinitafutia gia boksi ya mtumba Ilala, akaniambia na kazi yake ni laki 7. Sikuwa nazo. Nikasema nitajikusanya. Gari likasukumwa chini ya mwembe pale tulipopanga. Likakaa miezi saba. Betri ikafa, tairi zikalala, panya wakaingia kwenye nyaya. Nilipopata laki 7 hazikutosha tena, fundi alitaka zaidi ya milioni. Nikaliuza kwa bei ya chakavu. Mtu akisikia kisa hiki husema niliuziwa gari bovu, na ni kweli. Lakini gia boksi inaweza kumfia yeyote. Kilichoniua ni kukosa laki 7 siku ile. Ningenunua gari la bei ya chini kidogo nikabaki na milioni moja, hadithi yangu ingekuwa nyingine kabisa.

Kuhusu yule dada wa mtaani, sina maneno mengi. Unachukua milioni 1 na laki 2, unarudisha milioni 1 na laki 8, maana yake rejesho la laki 6 kila mwezi kwa miezi mitatu. Bumu lako ni la kula na kulala, na kazi za kuchapa zinajaa wakati wa ripoti tu. Laki 6 zitatoka wapi? Hii ndiyo mikopo inayoitwa kausha damu, na jina hilo halikutungwa na washairi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mtu anayekopesha kwa riba anatakiwa awe na leseni. Muulize yake, uone atakavyokujibu. Atakaa na kadi yako, na mwezi wa pili ukiteleza gari ni lake, pamoja na pesa za mama zilizomo ndani.

Utaniambia Bolt italipa. Mdogo wangu, gari la abiria wa kulipia si gari lenye namba ya njano. Linatakiwa namba nyeupe, kibali cha LATRA na bima ya biashara. Ile bima ndogo ya binafsi haitamtetea abiria aliyekulipa akiumia ndani ya gari lako. Kampuni inakata fungu lake katika kila safari, mafuta ni yako, na gari lenye miaka zaidi ya 20 likifanya kazi ya teksi kila jioni linazeeka miaka mitatu kwa mmoja. Wako vijana wanaoishi kwa kazi hiyo na wanaifanya kwa heshima, lakini ndiyo kazi yao, wanaamka nayo na kulala nayo. Wewe una mitihani. Na hukuniambia kama una leseni ya udereva. Kama huna, ada ya chuo cha udereva inatangulia gari lolote.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekuambia hivi: mwaka wako wa mwisho huu tafuta mwenzako mchangie chumba Changanyikeni au Makongo kwa zile siku zenye vipindi vya jioni, siku nyingine urudi nyumbani, na milioni 4 na laki 2 zibaki benki mpaka umalize. Lakini wewe ni mtu mzima na pesa ni zako. Inawezekana ukamaliza mitihani ukaona bado unataka gari. Basi ikiwa hivyo, weka dari ya milioni 3 na laki 2, na milioni moja iliyobaki isiguswe na dalali, fundi wala rafiki, ni ya kesho yake. Kwa dari hiyo hutapata gari la kupiga nalo picha. Utapata Starlet ya zamani, Duet, pengine Corolla iliyochoka rangi. Zinatafutwa kwa subira, lakini spea zake ziko kila kona, kuanzia Gerezani hadi gereji ya mtaani kwenu, na hakuna fundi asiyezijua. Usivutwe na gari lenye sifa ambalo kila mtu analitaka. Sifa nayo unailipia.

Ile Vitz nayo niiseme. Umbo hilo la kwanza lilitoka Japani mwaka 1999 na lilitengenezwa hadi 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina miaka isiyopungua 20. Namba C maana yake imezunguka barabara zetu zaidi ya miaka kumi, baada ya kuzunguka za Wajapani. Kilomita 78,000? Gari linalokwenda kazini na kurudi hapa Dar linafikisha kilomita 10,000 kwa mwaka bila shida. Kioo cha kilomita kinarudishwa nyuma kwa muda mfupi kuliko wa kunyoa nywele. Usikiulize kioo, uliza raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani pale mkono unaposhika, na kiti cha dereva upande wa mlangoni. Raba ikiwa imelika mpaka bati na kioo kinasema 78,000, mmoja wao anadanganya, na raba haina sababu ya kudanganya.

Siku ya kukagua gari lolote, nenda asubuhi likiwa limelala. Mwambie muuzaji jana yake asiliwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, wameliwasha ili usisikie linavyoamka. Hapo ondoka, au rudi kesho. Likiwa baridi, fungua mfuniko wa oili uangalie chini yake: utando mweupe kama mtindi ni dalili kwamba maji na oili vimekutana, na mara nyingi hapo gasketi ya silinda hedi imeshakwenda. Fungua na rejeta, lakini likiwa baridi tu, la sivyo utaungua. Maji yenye mafuta juu yake ni habari ileile.

Kisha zungusha funguo bila kuwasha injini. Watu wengi hutazama kama taa ya injini inawaka gari likitembea. Wewe tazama kwanza kama inaweza kuwaka. Ukifungua switchi lazima ijitokeze kwenye dashibodi, na injini ikishawaka ijizime. Isipojitokeza kabisa, kuna mtu ameing'oa au ameiziba, na hakufanya hivyo kwa kupenda giza. Washa injini, mwenzako asimame nyuma. Moshi wa bluu, hata kidogo tu wakati wa kuamka, gari linakula oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, linakula maji.

Gia boksi ndiyo iliyoniumiza mimi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Gari likiwa limesimama, mguu kwenye breki, toa gia kutoka D kwenda R na kurudi, mara nne au tano. Iingie laini na haraka. Ikichelewa sekunde mbili ndipo gari lishtuke, au ikigonga kama mtu amepiga nyundo chini, shukuru, funga mlango. Chomoa kijiti cha haidroliki ukinuse. Ikinuka kuungua na rangi yake imekuwa nyeusi, hiyo gia boksi ina siku zake. Gari nyingine hasa za miaka ya karibuni zina gia boksi ya CVT, nayo inataka haidroliki yake maalumu. Fundi asiyejua akiijaza ya kawaida ameiua, na wewe ndiye utakayezika. Baada ya hapo liendeshe, na usiliendeshe kwenye lami tupu saa nne asubuhi. Lipeleke kwenye foleni, Rangi Tatu jioni ikiwezekana, dakika 20, kiyoyozi kimewashwa. Gari linalochemsha litachemsha hapo. Gari ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, kwa hiyo macho yasitoke kwenye dashibodi.

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mwisho wa mkanda hausafishwi na mtu. Ukikuta alama ya matope, gari hilo liliwahi kulala ndani ya maji ya mafuriko, na nyaya zake zitakusumbua maisha yako yote. Inua zulia la buti, toa tairi ya akiba, tazama bati la chini kama limechomelewa au limekunjamana. Kila tairi ina tarakimu nne ndani ya kiduara chake: mbili za wiki, mbili za mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi nne za miaka kumi zinang'aa kwa dawa ya kupaka, lakini ni tairi za kubadilisha, na bei yake uikate kwenye bei ya gari.

Fundi awe wako, umlipe wewe, asiwe amepatikana kwa dalali. Na mwambie wazi kwamba utamlipa sawasawa ukinunua au usiponunua, ili asiwe na sababu ya kulisifia.

Karatasi ndizo zinazowaliza watu zaidi ya injini. Kadi iwe halisi, umeishika mwenyewe, si picha ya WhatsApp. Soma namba ya chesisi kwenye kadi, halafu isome kwenye bati la gari lenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini. Jina lililo kwenye kadi ndilo la mtu anayetakiwa kusaini mkataba. Hapa mjini gari linauzwa mara tatu bila uhamisho, kila anayenunua anakabidhiwa kadi ya mtu wa kwanza na rundo la mikataba. Ukinunua hapo umenunua kesi: yule wa kwanza akiwa amefariki, warithi wake wanaweza kulidai, na wewe huna pa kusimama. Kadi ikiwa imeandikwa jina la benki pembeni ya jina la mtu, mkopo haujaisha. Na muuzaji akisema kadi iko kwa ndugu, inawezekana iko kwa mkopeshaji, kama vile yako ilivyotaka kwenda.

Madeni ya gari yanafuata namba ya gari. Kabla ya kulipa, angalia faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, na maegesho ya TARURA, ambayo watu huyaacha yakajikusanya. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari. Yote unaweza kuyafanya kwa simu ukiwa umekaa kitandani. Kisha mkutane kwa wakili, wewe na mwenye kadi, pesa ziende kwenye akaunti yenye jina lake, na muanze uhamisho wakati huohuo. Na huyo mwenye kadi ukimwona ana kwa ana, muulize anauza bei gani. Milioni 6 na laki 9 kwa Vitz ya namba C inanipa wasiwasi kwamba ndani yake mna cha juu kinene cha dalali, ndiyo maana ana haraka na Ijumaa.

Ukishalipata, siku hiyohiyo kachoreshe namba kwenye vioo vya pembeni na taa. Ni kazi ndogo, na wezi wa vioo hupita kwenye lile lisilochorwa.

Leo usiku mama akimaliza kuosha ndoo, kaa naye umuulize yeye anataka nini kuhusu zile alfajiri. Katika barua yako yote sikuona mahali ulipomuuliza. Pengine atakuambia jambo ambalo mimi na wewe hatujalifikiria. Halafu mwende wote kwa kijana wa bodaboda.

Ijumaa dalali akipiga, mwambie hivi: "Kaka, nitakuja Jumamosi baada ya mitihani, asubuhi, gari likiwa halijawashwa. Nitakuja na fundi wangu, na nitapenda kuonana na mwenye jina lililo kwenye kadi." Usiongeze neno. Kisha zima simu, usome.